Kabla hujanunua kichwa kipya cha gia chenye taa, nunua waya

Kichwa cha gia chenye taa (kile unachokishika ukibadilisha gia) kikizimika, wengi wetu hapa Nairobi hukimbilia dukani kutafuta kingine. Nami nilifanya hivyo, mara mbili. Cha pili kilianza kumetameta nikiwa Thika Road usiku, karibu na Roysambu: nikiweka gia ya tatu taa inawaka, nikirudisha ya pili inazima. Fundi wa umeme wa gari niliyempelekea pale Kirinyaga Road hakuigusa taa yenyewe. Aliinua ile ngozi inayofunika mguu wa gia, akaushika waya kwa vidole viwili na kuukunja, taa ikawaka. Akauachilia, ikazima.

"Mama," akaniambia, "taa haijakufa. Waya ndio umechoka."

Akaupasua kwa wembe mbele yangu. Plastiki ya nje ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, zimebaki mbili zinazogusana zikipenda. Na si ajabu. Kwenye foleni ya jioni unabadilisha gia mara ngapi kutoka Pangani hadi Githurai? Kila mara waya unakunjwa mahali palepale. Taa ya LED hudumu maelfu ya saa; waya mwembamba wa nyuzi chache hauwezi kushindana nayo. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na kitu ambacho wauza vichwa vya gia hawatakuonyesha.

Ya kwanza: vifaa vya kurekebisha ulicho nacho

Nenda Luthuli Avenue, au duka lolote la vifaa vya elektroniki, ununue mita moja ya waya wa silikoni wenye nyuzi nyingi nyembamba (ushike mkononi: uwe laini kama uzi wa kufuma, usisimame wenyewe), plagi ndogo ya pini mbili, mpira wa kusinyaa kwa moto, kishikio cha fyuzi, na fyuzi ya ampia 1 au 2. Tepu ya umeme iache. Gari likipata joto gundi yake huyeyuka na tepu inajifungua.

Plagi ndiyo roho ya kazi hii, na wengi huiruka. Fikiria: mguu wa gia wenye uzi wa skrubu wa milimita 12 kwa 1.25 (unene wake, kisha umbali wa mzunguko mmoja hadi mwingine), ambao ndio wa Toyota nyingi za gia za mkono na Subaru nyingi za mkono, ukiingia kichwani milimita 15, kichwa umekizungusha mara 12. Waya uliokuwa umeunganishwa tayari nao umesokotwa mara 12. Umeuvunja kabla hata hujawasha gari. Ukiwa na plagi, unafunga kichwa kwanza, kisha unaunganisha. Fundi asiyetaka kuweka plagi, mwambie basi ausokote waya kinyume mara 12 kwanza, ili ukifunga unyooke.

Chini ya ngozi, waya uzungushwe mguu wa gia mzunguko mmoja mlegevu, na uachiwe kama sentimita 10 za ziada. Hapo gia ikisogea waya unajipinda kidogo urefu wake wote, badala ya kukunjika sehemu moja.

Upande wa umeme, waya wa chanya usiunganishwe moja kwa moja na betri. Taa tatu ndogo, kila moja ikivuta miliampia 20, zikiachwa zikiwaka mchana na usiku hula ampia-saa 1.44 kwa siku. Ukisafiri wiki mbili umepoteza karibu 20, na betri ya gari dogo mara nyingi ni ya 45 au zaidi kidogo. Unganisha na waya wa taa ndogo za dashibodi, ili kichwa kiwake ukiwasha taa za usiku na kuzima ukizizima. Waya wa hasi ufungwe kwenye bolti inayoshika chuma cha bodi. Kama ina rangi, ikwangue hadi uone chuma. Nimeona kichwa kilichosemekana kimeungua, kumbe hasi ilifungwa juu ya rangi.

Jambo moja ulisimamie mwenyewe: betri ifunguliwe upande wa hasi na msubiri dakika chache kabla ya kung'oa konsoli, yaani lile boksi la katikati ya viti linalozunguka gia. Katika magari mengi kompyuta ya mifuko ya hewa imekaa hapo chini, na waya zake huwa na rangi ya njano. Waya wa njano hauguswi, haupimwi, hauazimwi umeme.

Ya pili: kichwa kipya chenye waya na plagi yake

Kama kile cha zamani kimepasuka au taa kweli imekufa, tafuta kipya ambacho waya wake unatoka kwenye kichwa kupitia kola ya mpira na kuishia kwenye plagi. Mwambie muuzaji akiwashe kwa betri ya volti 12. Kikiwaka, usilipe bado. Shika waya pale unapotoka kichwani, ukunje kulia, kushoto, mbele, nyuma. Kikimetameta hata mara moja, kirudishe mezani.

Uliza pia kama rezista, kile kipande kidogo kinachopunguza umeme, imo ndani. Taa moja ya LED nyeupe au ya buluu inahitaji takriban volti 3, na gari likinguruma hutoa hadi 14.4. Bila rezista itang'aa vizuri sana kisha ife. Kama haimo, rezista ya ohmu 1,000 kwa kila taa inatosha. Mwanga utakuwa mpole, na usiku ndivyo unavyotaka, usije ukaakisi kwenye kioo cha mbele.

Nenda na kichwa chako cha zamani mkononi. Honda za mkono hutumia uzi wa 10 kwa 1.5, Nissan na Mazda 10 kwa 1.25. Vipete vya plastiki vinavyouzwa ndani ya boksi ili "kiingie gari lolote" hulegea, na kichwa kinachocheza ndicho kinachousaga waya.

Ya tatu: cha asili kilichotumika, kutoka Japani

Hiki ni kwa wenye gia za otomatiki, ambao sasa ndio wengi barabarani. Vichwa vingi vya kufunga kwa uzi havina kitufe cha kuachilia gia, kwa hiyo havikufai hata vikiwa vizuri vipi. Maduka ya spea za Japani yana vya asili vilivyong'olewa kwenye magari. Kwenye magari ya zamani yenye kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu) ubavuni mwa kichwa, nyaya mbili za kitufe hicho si za taa. Fundi akizichanganya na za taa, au zikikatika, utapoteza uwezo wa kuiamrisha gia ya juu, na injini ikikosa gia hiyo itanguruma na kunywa mafuta safari nzima. Zipimwe kwa mita ya umeme kabla ya kufunga, gia ikipitishwa P hadi L polepole.

Ya nne: cha kuchaji, kisicho na waya

Unakigusa kinawaka, betri yake inachajiwa kwa USB. Kinakuondolea shida ya waya yote, ila kinakuletea ya betri: betri ya lithiamu haipendi joto la gari lililofungwa madirisha juani, na ikichoka, mara nyingi kichwa chote kimegundishwa na hakifunguki. Kwa gari linalolala kivulini, sawa.

Ya mwisho: vya bei ya chini kabisa

Waya umegundishwa ndani kwa gundi ya moto, hauna plagi wala kola. Hivyo viwili vyangu vya mwanzo vilikuwa vya aina hii. Nilichonacho sasa ni kilekile cha pili, na waya wa silikoni aliouweka yule fundi. Alipomaliza alinikalisha kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, akaniambia niipitishe gia moja hadi tano na kurudi, mara ishirini, yeye akiwa amekodolea macho ile taa.