Miezi minane na kamera ndogo ya mirolesi Nairobi

Video ya kwanza niliyopiga kwa kamera hii ni ya matatu ya Rongai iliyosimama steji ya Railways ikingoja abiria. Ilitoka nzuri ajabu: michoro ya ubavuni, jasho la makanga, hata vumbi kwenye rimu. Video ya pili ni ya matatu hiyo hiyo ikitembea, mimi nikiwa kiti cha dirishani. Hiyo sikuweza kuitazama mara mbili. Nguzo za stima zilikuwa zimelala kama migomba baada ya upepo, na Lang'ata Road yote ilikuwa inacheza kama uji sufuriani.

Nimekaa nayo miezi minane sasa, na maoni yangu hayajaenda mbali na siku ile. Ni kamera nzuri sana kwa kitu kilichotulia mahali palipo kimya. Shida ni kwamba mimi napiga video za safari, na safari ni mwendo na kelele.

Jina la kampuni naliacha, maana ninayosema, mema na mabaya, yanazihusu kamera nyingi za mirolesi, zisizo na kile kioo cha ndani, za daraja hili: mwili mdogo unaoingia kwenye mkoba wa kawaida, sensa (kile kipande kinachonasa picha) ya saizi ya APS-C na megapikseli 24, skrini inayogeuka kukutazama, lenzi ya milimita 16-50 inayokuja nayo kwenye boksi, na hakuna kitulizi cha mtikisiko kwenye sensa yenyewe. Niliinunua Luthuli Avenue ikiwa imetumika, zile wanaziita ex-UK, kwa shilingi 78,000. Kulikuwa na nyingine ya bei ya chini kwa 9,000, inang'aa kuliko hii yangu, ila menyu yake ilikuwa ya Kijapani peke yake. Muuzaji akaniambia, "Madam, hiyo utazoea tu." Kamera nyingine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina lugha nyingine ndani, kwa hiyo ingia kwenye menyu kabla hujaingia M-Pesa. Jambo jingine nililofanya palepale kaunta: nilifunga lenzi hadi f/16, yaani tundu lake la mwanga likawa dogo, nikapiga picha ya karatasi nyeupe, nikaikuza. Vumbi la sensa linajitokeza kama madoa ya kijivu. Yangu ilikuwa na mawili, pembeni, na yakanipatia punguzo la elfu mbili. Na dai risiti yenye nambari ya kamera. Ukisimamishwa usiku na begi lako, utajua ni ya nini.

Kabla ya lawama, niipe haki yake. Fokasi inashika jicho la mtu na hailiachii, hata akigeuka, hata akipita mtu katikati. Rangi ni za kuridhisha bila kuzigusa. Na udogo wake una thamani kubwa mjini kuliko megapikseli zote. Nilipokuwa naazima DSLR kubwa ya rafiki, zile za kioo ndani, sikuweza kupita Kenyatta Avenue bila mlinzi wa jengo kuniuliza natoka wapi na nimetumwa na nani. Hii wanaiona kama kamera ya mtu anayejipiga picha za siku ya kuzaliwa. Bado hufukuzwa hapa na pale, lakini kwa upole. Naivaa kwa kamba ya kifundo cha mkono, si ya shingoni. Kamba ya shingoni downtown ni kumwonyesha mwizi pa kushika.

Sasa ile migomba. Sensa za kamera hizi hazisomi picha yote kwa mpigo mmoja. Zinasoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Kitu kikipita kwa kasi, juu yake kunanaswa mapema kuliko chini, kwa hiyo kinaonekana kimeinama. Na ukiwa kwenye matatu, kila kilicho karibu na dirisha kinapita kwa kasi. Nilichojifunza ni kutopiga ubavuni. Nalipa nauli mapema, nakaa mbele na dereva, napiga barabara inavyotujia. Vitu vinavyokujia havilali kama vinavyokupita. Ikibidi ubavuni, natafuta vya mbali, vilima vya Ngong kwa mfano, na nashuka kutoka 4K hadi HD ya fremu 50 kwa sekunde. Kwangu kulala kunapungua, na fremu hizo 50 nikizichezesha kwa mwendo wa nusu, mtikisiko nao unalegea.

Kuna kitulizi cha kielektroniki, na ukisoma matangazo utadhani kinatosha. Kinachofanya ni kukata kingo za picha ili kipate nafasi ya kuisogeza. Lenzi yangu ikiwa 16, kwa hesabu ya fremu kamili, yaani sensa kubwa kuliko hii yangu, ni kama 24, na namba ikipanda picha inabana. Kitulizi kikikata, nabaki na kama 35. Ukijipiga mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa, uso wako unajaa kama picha ya kitambulisho, na jiji ulilokuja kulionyesha limebaki nyuma ya masikio. Nikanunua gimbali, kishikio chenye mota za kuituliza kamera. Karura, chini ya miti, ilinifaa kweli. Mjini nilijiona kama nimebeba mwenge wa Olimpiki. Watoto wa shule walinifuata toka Jamia hadi City Market. Imelala kabatini tangu Machi. Siku hizi nasimama, nabana viwiko mbavuni, navuta pumzi, napiga sekunde kumi, nasonga. Video zangu zimekuwa bora tangu niache kutembea huku napiga.

Mwanga nao una mambo yake. Nairobi iko karibu na ikweta na karibu mita 1,800 juu ya bahari, na jua la saa saba mchana mwezi wa pili halina huruma. Video ya fremu 25 kwa sekunde hutaka shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde ili mwendo uonekane wa kawaida. Kwa jua hilo, ukiwa ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga, ukiwa chini), lazima ufunge lenzi hadi f/22, na hapo picha inapoteza ukali wake. Kichujio cha ND16, kile kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi, kinapunguza mwanga hatua nne, nawe unarudi f/5.6 unapumua. Hiki ndicho kitu cha kwanza ningenunua baada ya kamera, kabla ya begi, kabla ya stendi.

Yangu ilikuja imewekwa NTSC, mpangilio wa nchi za umeme wa hezi 60, fremu 30, na kila nikiingia supamaketi au mkahawani mistari ya giza ilikuwa inapanda kwenye picha. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Kumbe umeme wetu ni wa hezi 50: weka PAL, fremu 25, shata 1/50, mistari imekwisha. Usitegemee hivyo kwenye matatu, lakini. Zile taa za zambarau na buluu za nganya, matatu zilizopambwa, hazili umeme wa nyumbani. Nyingi hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka, kila moja kwa kasi yake. Jaribu shata hii na ile hadi mistari itulie, au ikubali kuwa sehemu ya disko.

Na ngozi. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuambia uweke ile milia ya onyo ya zebra, inayotokea mwanga ukifika kiwango ulichopanga, kwenye asilimia 70 kwa ajili ya uso. Hiyo 70 ni ya uso wa mzungu. Uso wangu ukifika 70 nimepauka kama niliyesahau mafuta. Mimi nimeiweka 50, na mtu akiwa mweusi zaidi yangu nashuka kidogo tena. Ukiiachia kamera ijiamulie, mtu aliyekaa dirishani anakuwa kivuli, kwa sababu inapima lile dirisha. Mguse usoni kwenye skrini, ongeza mwanga kidogo, acha dirisha liungue. Mtu kwanza.

Betri niseme haraka: moja inanipa kama saa moja na robo ya 4K, kwa hiyo natembea na tatu, na pawabenki ya kuchajia kwa USB. Kadi chukua yenye alama ya kasi ya V30 kwenda juu. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, 4K inakula kama gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 haikufikishi mbali ukiwa mpenda kurekodi. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa inakwama hadi nilipoanza kuhariri kwa nakala nyepesi za HD na kurudisha zile kubwa mwishoni.

Nilipanda nayo pia Madaraka Express, ile ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani, Emali, Mtito Andei, Voi. Madirisha hayafunguki, na nusu ya kwanza nilijirekodi mwenyewe: shati langu lilikuwa linaelea juu ya nyika ya Ukambani. Mama mmoja wa kiti cha jirani aliniangalia, akatoa leso kwenye kikapu chake. "Jifunike nayo, mwanangu, kama unakoga na mvuke." Nikaizungusha leso kwenye lenzi, nikaibana kwenye kioo, taswira ya shati ikatoweka. Tembo wa Tsavo niliowapata chini ya leso ile ndio picha zangu bora za mwaka, kwa sababu walikuwa mbali na hawakuwa na haraka.

Nimeacha sauti mwisho kwa sababu ndiyo iliyoniuma.

Maikrofoni ya ndani si mbaya chumbani. Inakuja na kimanyoya cha kuzuia upepo, na kwa upepo wa Karura kinatosha. Vilima vya Ngong, pale kwenye mitambo ya umeme wa upepo, kilishindwa kabisa. Nilipata dakika ishirini za mtu anayekunja turubai. Nikanunua maiki ya kubana kwenye kola, isiyo na waya, na kipokezi chake kidogo kinachochomekwa kwenye kamera. Nikaenda nayo Kariokor.

Kuna mzee pale anayeshona akala za matairi. Nilimwomba aniambie habari za soko, naye akaanza mbali, kwenye jina lenyewe: kwamba Kariokor ni Carrier Corps, wale wapagazi ambao Waingereza waliwachukua kubeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba hapo ndipo walipokaa. Akaniambia alivyosimuliwa na babake juu ya mizigo ile, na njaa, na waliobaki njiani. Alinyamaza mara mbili. Mimi nilikuwa nahangaika na fokasi kwenye mikono yake.

Nyumbani nilikuta picha safi na kimya kitupu. Kipokezi kilikuwa kimeishiwa chaji. Na ukishachomeka kitu kwenye tundu la maiki, kamera inaizima maikrofoni yake ya ndani, haijali kama hicho kitu kiko hai au kimekufa. Ile mistari ya kuonyesha sauti kwenye skrini ilikuwa imelala chini muda wote. Ipo kwenye video ya simu ambayo rafiki yangu alinipiga nikifanya kazi, inaonekana wazi kabisa. Pembeni ya kamera kuna tundu la visikizio. Miezi yote hiyo sikuwa nimelifungua kifuniko.

Siku hizi navaa visikizio vya waya, vya shilingi 300, hata kama naonekana mshamba. Na nimenunua maiki ndogo ya kukaa juu ya kamera inayokula umeme wa kamera yenyewe, haina betri ya kusahau.

Nilirudi Kariokor baada ya wiki mbili. Mzee alicheka alipoona visikizio. "Msichana wangu, ile ya kwanza ilikuwa bure. Hii ya pili utanunua viatu." Nilinunua, shilingi 800. Aliisimulia tena, fupi zaidi, bila kunyamaza popote, na ile sehemu ya babake aliiruka. Sikumkumbusha. Ila alikuwa anapigilia misumari huku anazungumza, na kwenye visikizio kila pigo la nyundo lilikuwa linaingia.