Saa arobaini nikifuata mshale

Nimeimaliza juzi usiku, na naandika kabla hasira hazijapoa. Jina lake sitalitaja. Ni toleo la tatu la gemu ya mapanga na uchawi ambayo wengi mnaijua, na haya ninayoyalalamikia mtayakuta kwenye gemu nyingine kumi za aina hiyo hiyo. Kwa asiye na muda wa kusoma: nyota mbili kati ya tano. Moja ya michoro, moja ya muziki.

Nianze na binti aliyepotea. Unaingia kijijini, nyumba zinafuka moshi, mzee mmoja anakukimbilia na kuanza kukusimulia kwamba binti yake hajarudi tangu jana. Ana sauti nzuri, aliyeigiza alijua kazi yake. Lakini sentensi ya kwanza haijaisha, kwenye kona ya skrini imeshaandikwa "Mtafute binti, mita 214", na mshale wa dhahabu umeshachomoza juu ya miti. Nikaacha kumsikiliza. Si kwamba namdharau mzee wa watu, ila maneno yake hayana kazi tena. Nikakaza macho kwenye kiramani cha duara pale chini, nikakimbia mita 214, nikamkuta binti amekaa juu ya jiwe. Bonyeza kitufe. Asante. Vito 15. Ule msitu, ambao naamini kuna mtu alikaa miezi anauchora jani kwa jani, sikuuona. Nilikuwa natazama nukta.

Na ndivyo ilivyokwenda saa arobaini. Miamba inayopandika imepakwa rangi ya njano ili usije ukahangaika kujaribu mwingine. Ukifika kwenye mlango wenye fumbo, mhusika wako anajisemea kwa sauti, "Labda nivute ule mnyororo," na wewe mnyororo wenyewe hujauona. Nilikuwa nikimjibu, "Tulia basi, ndiyo kwanza nimeingia." Chakula kikitafunwa na mwingine kinashuka haraka, sikatai, ila utamu wake aliubakiza yeye.

Nikasema, basi nizime mshale. Kwenye mipangilio kuna kitufe chake, na hapo nikawapongeza kimoyomoyo. Pongezi zilidumu dakika tano. Nikamwendea mhunzi aliyetaka nimtafutie madini, nikamsikiliza kwa makini mpaka mwisho, naye akasema, "Nimekuwekea alama kwenye ramani yako." Kwisha. Hakutaja mashariki, hakutaja mto, wala mti wowote uliopigwa na radi. Kumbe gemu yote imeandikwa kwa kuutegemea mshale, na ukiuzima hupati gemu ngumu, unapata gemu bubu. Nilisimama pale uwanjani kama mgeni aliyeshushwa na basi usiku wa manane, nikazunguka dakika 20, nikarudi kwenye mipangilio kichwa chini kuuwasha.

Sasa linganisha na Morrowind, gemu ya mapanga na uchawi ya mwaka 2002. Unaachiwa huru ukiwa mfungwa kwenye kijiji cha bandari, unapewa kifurushi, unaambiwa umpelekee mtu anayeitwa Caius Cosades katika mji wa Balmora. Uko wapi Balmora? Uliza watu. Mshale hakuna, na maelekezo yanaandikwa kwenye shajara yako kwa maneno: fuata barabara, vuka daraja, geuka kilimani. Nami nilikuwa na daftari langu la kweli pembeni ya kompyuta. Baadaye unatumwa kwenye magofu ya Arkngthand kutafuta kisanduku kidogo cha mafumbo. Mlango wenyewe haufunguki kwa kuugusa, mpaka ugundue kuna mkono wa kuzungusha kwenye bomba hapo jirani. Ukishaingia, kisanduku hicho ni kidogo kweli, kimewekwa rafuni kama kopo la chumvi, na mimi nilikipita mara tatu. Nilitukana. Siku niliyokiona niliruka kwenye kiti.

Sisemi kila cha zamani kilikuwa dhahabu. Kwenye Morrowind hiyo hiyo unaweza kumpiga mdudu kwa panga, ukaona panga limempita tumboni, na gemu ikakuambia umekosa. Maelekezo mengine yalikuwa na makosa, unaambiwa kulia kumbe kushoto. Na mtu anayerudi kazini usiku, ana saa moja tu kabla ya kulala, ana haki ya kutaka mshale, simlaumu hata kidogo. Mshale uwepo. Ninachogombana nacho ni kuondoa maneno kwa sababu mshale upo.

Nimejiuliza mara nyingi tulifikaje hapa, na nadhani sehemu kubwa ni sauti. Mwaka 2002 mazungumzo mengi kwenye Morrowind yalikuwa ya kusoma, na kuongeza aya moja ya maelekezo kulimgharimu mwandishi dakika kumi. Mwaka 2006 ikaja Oblivion, toleo lililoifuata Morrowind, wahusika wote wanaongea kwa midomo yao, na mshale nao ukaja kwenye dira. Maneno yakishakuwa ya kurekodiwa studio kwa waigizaji, kila aya ni pesa, na mshale ni wa bure. Ujuzi wa mhusika nao ukaanza kupunguzwa: Morrowind ilikuwa na aina 27, Oblivion 21, na Skyrim ya 2011, iliyofuata baada yake, ikabaki na 18, zile sifa nane za mhusika, kuanzia nguvu na akili mpaka bahati, zikatupwa zote. Skyrim niliipenda, na nimeicheza kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini ngazi unaiona jinsi inavyoshuka.

Kingine ni ukubwa wa mtaji. Kwenye kesi ya mwaka 2023 kuhusu Microsoft kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard, nyaraka za Sony, wenye PlayStation, zilifikishwa mahakamani zikiwa zimefutwa kwa wino mweusi, na wino wenyewe haukukolea, watu wakasoma kila kitu. Tukajua gemu yao ya The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220 na Horizon Forbidden West milioni 212. Ukishatumbukiza pesa hizo, huwezi kuvumilia hata mchezaji mmoja kati ya kumi apotee msituni akazima mashine. Unampakia rangi ya njano. Naelewa. Mimi pia ningeogopa.

Ila nikaingia dukani, na hapo ndipo uelewa wangu ulipokatika.

Nazungumzia duka la ndani ya gemu yenyewe, ambayo nimeshailipia, tena toleo la bei ya juu. Kuna sarafu za aina tatu. Vito unavipata kwa kucheza. Makaa unayapata kwa kumaliza kazi za kila siku, na yasipotumika yanafutika mwisho wa msimu. Nyota zinanunuliwa kwa pesa halisi. Joho nililolitaka linauzwa nyota 800. Nyota zenyewe zinauzwa kwa mafungu ya 500 au 1,100, kwa hiyo ama zinapungua, ama zinabaki 300 ambazo hazitoshi kitu chochote cha maana. Hizo 300 zinakaa pale juu ya skrini zinakukonyeza. Kuna pasi ya msimu, yaani tiketi unayonunua ili ufungue zawadi ngazi kwa ngazi, yenye ngazi 80, kuna pasi juu ya pasi, kuna punguzo linalokwisha baada ya saa 6 na jingine baada ya siku 3. Nilichukua kalamu na karatasi kupiga hesabu kama pasi inalipa kuliko kununua joho peke yake. Kalamu na karatasi! Saa arobaini za hadithi hazikunilazimisha kufikiri hata mara moja, duka likanifanya nikokotoe kama mtahiniwa.

Kwa hiyo wanaosema gemu za siku hizi zimerahisishwa wananikera kidogo. Ugumu haukufutwa, umehamishiwa dukani. Wanajua vizuri kabisa kutengeneza mfumo wenye tabaka, mitego na maamuzi ya kuumiza kichwa, na akili hiyo wameipeleka kwenye pochi yako. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawa wameuondoa mvungu, kitu kimewekwa mezani, na kando yake kuna kibandiko cha bei.

Mbegu ni ya zamani. Aprili 2006 Oblivion ilianza kuuza deraya za farasi, na kwenye mashine ya Xbox 360 zilikwenda kwa pointi 200, yaani dola 2.50. Watu walicheka mwaka mzima. Tazama hizo pointi, tayari pesa ilikuwa imevishwa kinyago. Miaka 11 baadaye ikaja gemu ya Star Wars Battlefront II na masanduku yake ya bahati nasibu, unayoyafungua bila kujua utapata nini, EA walioitoa wakaandika jibu la kujitetea kwenye Reddit, kura za kulipinga zikapita laki 6, na wakalazimika kusimamisha manunuzi ya pesa halisi saa chache kabla gemu haijatoka. Mwaka 2018 Ubelgiji ikasema masanduku ya namna hiyo ni kamari na yanavunja sheria zake. Tangu hapo masanduku yamepungua, pasi za msimu zikajaa nafasi yake. Angalau pasi unaona unachonunua, nalo ni jambo, sitawanyima.

Kuhusu kurudishiwa pesa, niwape tahadhari maana mimi nimeumia. Duka la mtandaoni nililonunulia linarudisha pesa ukiwa hujazidisha saa mbili za kucheza. Mafunzo ya mwanzo ya gemu hii, pamoja na filamu fupi ambazo hauwezi kuziruka, yalinichukua saa mbili na robo. Mlango wa duka la ndani, lenye nyota na makaa, unafunguka mafunzo yakiisha. Sitaki kusema wamepanga. Nasema tu kwamba nilipoliona duka kwa mara ya kwanza, sikuwa tena na haki ya kurudisha kitu. Niliandika maombi, nikajibiwa ndani ya dakika nne kwa heshima zote kwamba haiwezekani.

Na msiniambie soko halitaki gemu za kufikirisha. Elden Ring ya 2022 haina shajara ya kazi kabisa, mtu akikuambia jambo ulikumbuke mwenyewe, na ndani ya mwaka mmoja ilipita nakala milioni 20. Baldur's Gate 3 ya 2023 ina kanuni za kete za kujaza kitabu, ilitoka bila duka la ndani, na ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka. Walipata pesa, tena nyingi.

Kitu kimoja kilichonibakisha kwenye gemu hii mpaka mwisho lazima nikiseme, kwa haki. Kaskazini ya ramani, karibu na mnara uliobomoka, nilikuta mifupa ya msafiri na barua mfukoni mwake. Barua inasema amezika kitu "pale kivuli cha mnara kinapogusa maji jua likizama". Hakuna mshale, hakuna mita, hata kwenye orodha ya kazi haikuingia. Sijui ni mwandishi gani aliyeipenyeza ile barua bila wakubwa kuiona. Nilikaa juu ya jiwe nikisubiri jua la gemu lishuke, nikiangalia kivuli kinavyotambaa kwenye majani, kinashuka ukingoni, kinakaribia ziwa. Kwa mara ya kwanza nilisikia vyura. Huenda walikuwepo tangu mwanzo.

Kivuli kilikuwa kimebakiza hatua mbili kufika kwenye maji, mara ujumbe ukatokea katikati ya skrini: "Inaonekana umepotea. Ungependa tukuoneshe njia?" Nikabonyeza hapana. Baada ya dakika mbili ukarudi tena, safari hii na punguzo la nyota chini yake.