Mashine ilisema "Paukwa", ikajijibu yenyewe "Pakawa"

Nilijiambia nisiandike tathmini ya ile programu ya simu ya vitabu vya kusikiliza nikiwa na hasira, nikasubiri. Siku zimepita, hasira iko palepale, basi acha niandike.

Mama yangu alikuwa mwalimu. Ni wale wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walioingizwa darasani mwishoni mwa miaka ya sabini wakiwa bado mabinti wadogo. Kafundisha Muheza, kafundisha Tanga mjini mpaka kastaafu, na starehe yake ilikuwa riwaya na redio, basi. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake mdomoni, sisi tulimjua kabla hatujajua kusoma, maana vyombo vikishaoshwa Mama alikuwa anavuta kibatari karibu na kutusomea. Siku hizi anakaa kwangu Tabata, Dar es Salaam. Presha ya macho imemmaliza. Mwanga wa dirisha anauona, mtu akipita anaona kivuli, lakini herufi ndiyo basi tena. Daktari alishatuambia kilichokwenda hakirudi.

Kwa hiyo nilipokutana na tangazo la programu ya vitabu vya kusikiliza, Kiswahili kitupu, "kwa familia nzima, kuanzia mtoto hadi bibi", sikuuliza mtu. Nilijiunga palepale nikiwa kwenye daladala. Hela yenyewe kwa mwezi ni kama kilo ya nyama, nikaona nyama tutakula mwezi ujao.

Usiku ule nikamwekea Mama simu kifuani, nikapandisha sauti, nikachagua ngano za kale ili aanze na kitu chepesi. Mama kajilaza sawa juu ya mto wake, mikono kaikunja. Simu ikasema: "Paukwa." Nikamwona Mama anavuta pumzi ili aitikie. Hajafungua mdomo, simu ikasema: "Pakawa." Palepale, bila hata nafasi ya kumeza mate. Ikaendelea na hadithi.

Mama akanyamaza. Halafu akauliza taratibu, "Kwani yuko na nani huyo?"

Nikamwambia ni mtu mmoja tu, Mama. Akasema, "Mtu hajijibu."

Ni kweli. Hakuwa mtu. Ni ile sauti ya kompyuta, ya kike, laini kama ya benki inapokwambia salio lako halitoshi. Sikuwa nimejua, kwa sababu mahali pa jina la msomaji waliandika "Msomaji wetu", na mimi mshamba nikadhani ni mtu asiyetaka makuu. Kama kuna jambo moja utachukua kwangu kabla hujatoa hela kwa huduma yoyote ya namna hii, ni hilo: usiangalie picha ya jalada, tafuta jina la anayesoma. Likikosekana, bonyeza kionjo usikilize dakika mbili tatu. Mimi sikubonyeza.

Nikasema labda ni ngano tu, riwaya zitakuwa nzuri. Tukafungua riwaya moja ya Unguja. Jamani. Mhusika anaambiwa "alimfahamu barabara", maana yake alimfahamu hasa, vizuri kabisa, na hapo kila mtoto wa Kiswahili anajua mkazo unakaa kwenye ile "ra" ya kwanza. Mashine ikaweka mkazo kama wa njia ya magari. Mama kauliza, "Alimfahamu barabara ipi, ya Korogwe?" Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kucheka. Ng'ombe aliposomwa bila king'ong'o chake, ikawa kama mtu anakabwa koo, Mama hakucheka. Ulipofika mwaka 1964, katikati ya sentensi ya Kiswahili, katikati ya Mapinduzi yenyewe, mashine ikautaja kwa Kiingereza, "naintini siksti foo", kama mtangazaji wa mpira. Na inaelekea kitabu walikipiga picha ukurasa kwa ukurasa wakakiingiza hivyo hivyo, maana namba za kurasa zinasomwa nazo. "Akafungua mlango taratibu, hamsini na tatu, akaona damu sakafuni." Niliirudia mara tatu nikidhani nimesikia vibaya. Hamsini na tatu.

Sasa niseme ukweli, mpaka hapo nilikuwa nimekasirika kidogo tu. Mtu ukinunua kitu cha bei rahisi unajua umenunua nini. Kilichoniwasha ni simu niliyowapigia.

Niliwaandikia kwanza. Wakajibu "Mpendwa mteja, sauti zetu ni za kisasa", na maua mawili. Nikapiga. Akapokea dada, sauti changa, adabu ya juujuu. Nimeweka spika, Mama yuko pembeni anachambua mchicha kwa vidole. Nikaeleza yote, barabara, ng'ombe, hamsini na tatu. Yule dada akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Samahani, anayesikiliza ni nani?" Nikasema ni mama yangu. "Ana umri gani?" Nikamtajia. Akasema, namnukuu maana sitasahau, "Basi dada, wazee huwa hawajali sana hayo. Wao wanataka tu kitu cha kuwachangamsha."

Nilikosa neno. Mama hakukosa. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mchicha. Akasema, "Mwambie kilichokufa ni macho."

Yule dada alisikia, najua alisikia, kwa sababu kulikuwa na kimya, halafu akasema "Asante kwa kuwasiliana nasi" na simu ikakatwa. Mwanamke aliyesahihisha insha za watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini, aliyekua na Redio Tanzania, na Pwagu na Pwaguzi, na Mama na Mwana, vipindi ambavyo mtu alifanya sauti ya mlango, ya mvua na ya mlevi mpaka ukanusa pombe, ndiye anaambiwa hajali sauti. Asiyejali ni nani, dada? Masikio ndiyo mali pekee aliyobaki nayo.

Baada ya hapo kila nilichogusa kwenye ile programu kilinichefua. Mpangilio wao wa umri ndio usiseme. Mwanangu wa miaka saba aliingia kwenye rafu ya "Watoto wadogo" akachagua chenye nguruwe kwenye picha. Ilikuwa Shamba la Wanyama, ile ya George Orwell aliyoitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Kitabu kizuri sana, mimi mwenyewe nakipenda, ila kuna nguruwe na kuna nguruwe. Nilikuta mtoto amejifunika shuka usoni analia kwa sababu farasi aliyefanya kazi maisha yake yote amepakiwa kwenye gari kwenda kuchinjwa. Usiku mzima ananiuliza kwa nini wenzake hawakumtoa. Ukiweza kumweleza mtoto wa miaka saba, saa tano usiku, kwamba kitabu ni fumbo la mapinduzi ya Urusi, nipigie unifundishe. Mtu aliyepanga rafu ile hakukisoma, aliona wanyama akamaliza kazi. Mpwa wangu wa kidato cha tatu naye akatafuta riwaya teule, Watoto wa Mama Ntilie, akaletewa uchambuzi wa dakika kumi na mbili. Yeye alifurahi sana. Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Nikasema nyota moja, na kama kungekuwa na nusu ningetoa nusu.

Lakini sasa. Nisipoandika hili Mama atanisuta.

Jioni moja nilikuwa jikoni, simu iko kwa Mama, mtoto ameibonyezabonyeza. Nikasikia sauti ya mwanamume mzima, ya Kimrima kabisa, ya watu wa pwani, inasoma polepole. Dhambi ikawa dhambi, siyo zambi. Ghali ikawa ghali. Akifika penye mazungumzo anabadilika kidogo, siyo kuigiza, ni kama anakonyeza tu kwa sauti. Na mahali fulani akakohoa. Kikohozi cha kweli, cha mtu aliyevuta sigara ujana wake wote, akasema "ah", akarudia sentensi. Hawakukikata. Nadhani waliokuwa wanatengeneza walisahau, au walichoka.

Mama aliposikia kile kikohozi akapiga paja. "Huyu ni mtu!"

Nikatoka na mwiko mkononi. Mama ameinamisha kichwa upande mmoja, vile alivyokuwa anakaa zamani karibu na redio ya mkulima tukiwa tumekatazwa kupita mbele yake. Sikupita. Ugali uliungua kidogo. Mzee yule jina lake halijaandikwa kokote, naye yuko chini ya "Msomaji wetu" sawa na mashine, na hilo kwangu ni dhuluma kubwa kuliko zote nilizotaja. Nimetafuta programu nzima, ana vitabu viwili tu. Viwili! Wana hazina ya namna hiyo, wanaificha kwenye kona ambayo mtoto tu ndiye aliyeifikia kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo wiki ile nilikuwa nimepanda mpaka nyota tatu, nawaambia hata watu kazini. Halafu mwezi ukaisha, wakakata hela bila kuuliza, usiku wa manane. Nilipotafuta pa kujitoa nikazungushwa kurasa sita, kila ukurasa unaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika. Nikajitoa. Nyota zikarudi moja.

Nikamwambia Mama, usijali, nitakusomea mwenyewe. Nikachimba kwenye sanduku lake nikakipata kitabu cha Bwana Msa, hakina jalada, kimeliwa na chumvi na mende. Nikakaa kitandani kwake, nikawasha taa, nikaanza. Nilikuwa nimetoka kazini, nina nguo za kufua, naangalia saa. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Mama ametulia. Nikajiona mtoto mwema.

Kwenye ukurasa wa tatu akaniwekea mkono gotini.

"Unakimbilia wapi?"

Nikasema sikimbilii kokote, Mama.

"Unasoma kama ile mashine yako." Akanyamaza kidogo. "Yule mzee anayekohoa, ndiyo umemfuta?"

Nimejiunga tena jana usiku. Haya, nyota mbili. Ya pili ni ya kile kikohozi.