Semina ya malezi Sinza: feni mbovu, somo zuri
Nimelipa 15,000, chai na maandazi mawili humo humo. Tumechelewa kuanza saa nzima, na feni ya ukumbi ni pambo tu.

Ila mtoa mada anajua kazi. Katusimulia kisa alichokitumia Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, 1932: mtoto mmoja kavunja vikombe 15 kwa bahati mbaya, mwingine kimoja akidokoa jamu. Nani mkosaji zaidi? Nikawauliza wanangu. Wa miaka mitano: "Aliyevunja vingi!" Dada yake wa 12 akamcheka: "Si hakukusudia?" Kumbe wadogo hupima hasara, wakubwa nia. (Nami juzi nimemchapa mmoja wao kwa kuangusha chupa ya chai akinisaidia vyombo.)

Sehemu ya vijana wa sekondari, niliyoifuata hasa, ikapitishwa mbio mbio. Nyota tatu.