Waya wa goti langu, na yule kijana wa kliniki

Jina la hospitali silitaji, maana goti lenyewe bado liko mikononi mwao. Ila niliapa siku ile kwamba nitaandika, na leo naandika.

Nilianguka kwetu Mabatini, Mwanza, kwenye yale mawe ya kupandia, msimu wa mvua, ndoo ya dagaa kichwani. Goti likatua juu ya jiwe. Kilichonitisha si maumivu, ni mguu kugoma. Daktari akaniambia, "Unyooshe, uinue," nikabaki nautazama kama wa mtu mwingine. Picha ikaonyesha pia ya goti imekatika katikati, kipande cha juu kimevutwa huko na msuli wa paja.

Upasuaji wenyewe sina neno nao. Nilichomwa ganzi ya mgongo, nikawa nasikia drili kama fundi anajenga kibanda. Walipitisha pini mbili, juu kwenda chini, kisha wakazungusha waya mbele ya mfupa kwa umbo la namba nane. Mpasuaji, mzee mmoja mpole, alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa: ukikunja goti, msuli unataka kuvitenganisha vipande, lakini ule waya unaugeuza mvuto kuwa mbano, vinakandamizana. Akasema wapo wanaowekewa skrubu zenye tundu, waya unapita ndani yake. Mimi nilipata pini. Sawa.

Alichosahau kunichorea ni kwamba mbele ya goti hakuna nyama. Ni ngozi, halafu mfupa. Sasa pale waya uliposokotwa, ile ncha inakwenda wapi?

Inakuja nje, ndiyo inakokwenda! Miezi ikapita, mfupa ukaunga, nikaanza kuhisi kitu kama mwiba wa sangara chini ya ngozi. Kitenge kikigusa nashtuka. Kanisani wenzangu wanapiga magoti, mimi nimesimama nyuma kama mlinzi. Nikarudi kliniki, nikakaa kwenye benchi tangu alfajiri mpaka saa saba mchana. Choo chao, jamani, ni cha kuchuchumaa. Kliniki ya mifupa, watu wana hogo, ile plasta ngumu, mpaka kwenye nyonga, choo cha kuchuchumaa!

Naingia, kijana wa koti jeupe macho kwenye simu. "Mama, vyuma ndivyo vilivyo. Mfupa si umeunga? Unataka nini tena?"

Nikamwambia, "Mwanangu, weka kidole hapa uone."

Hakuweka. Akaandika dawa ya maumivu, akaita anayefuata. Nilitoka pale nachukia kila kitu, mlinzi, feni, hata rangi ya ukuta. Ningeandika siku hiyo ningewaambia msikanyage.

Lakini nitakuwa mwongo. Natembea. Napanda mawe yetu, nashuka soko la Mwaloni asubuhi kununua mzigo. Na yule binti wa mazoezi, Mungu amtunze, alikuwa ananiwekea taulo lililokunjwa chini ya goti: "Bonyeza, mayu (ndiyo mama, kwa Kisukuma). Bonyeza tena. Bado kumi." Nilimtukana kimoyomoyo wiki nyingi. Goti likakunjika. Kwa hiyo nendeni tu, mtapona.

Halafu nikikumbuka mengine napanda tena moto. Nilirudi siku ya yule mzee mwenyewe. Akabonyeza kwa dole gumba mara moja tu, nikapiga kelele. "Pole mayu. Huu waya unasumbua wengi, tutautoa." Wengi! Kumbe ni jambo linalojulikana! Basi siku natia sahihi ile fomu, kwa nini hakuna aliyefungua mdomo kuniambia naweza kurudi kupasuliwa mara ya pili? Ningejiwekea akiba. Badala yake mtaji wangu wote wa dagaa uliishia pale dirishani pa malipo, nikaanza upya kwa kukopa kikoba.

Vyuma niliviomba, wakanipa kwenye kichupa. Waya umepinda, ncha yake kali kama ndoana. Siku ya kutoa nyuzi nilipita chumba cha yule kijana, nikamwekea kichupa mezani, juu ya simu yake. Ndipo akainua macho.

"Hii nini tena, mama?"

Nikamwambia, "Fungua. Weka kidole."