Ukikwama kwa theluji: Ulaya shirika hukulipia hoteli, Marekani hapana

Mtu wa Lamu anayekata tiketi ya Januari kupitia Frankfurt au Paris ajue haya kabla ya kupanda boti kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Ndege ikiondokea Umoja wa Ulaya, kanuni nambari 261 ya 2004 inalibana shirika litoe chakula, hoteli na usafiri wa kufika hotelini, hata chanzo kikiwa theluji. Fidia ya euro 250 hadi 600 sahau. Hali ya hewa huiondoa. Kaunta zikizidiwa, lipa mwenyewe kwa kiasi, weka risiti, kisha udai.

Tatizo letu ni viza. Bila viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa kawaida hutoki eneo la transiti, yaani la kubadilishia ndege, na hoteli hiyo utaisikia tu. Omba kitanda cha kukunja na blanketi mapema, havitoshi.

Marekani sheria hailazimishi hoteli. Safari ikifutwa nawe ukakataa kusafiri, hurudishiwa nauli, basi.

Kasoro nyingine iko huku nyumbani: tiketi ya Nairobi kwenda Manda ikinunuliwa kando, ukichelewa imekufa. Tena baadhi ya ndege za Lamu huondokea Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, si JKIA, uwanja mkuu. Nunua inayobadilishika. Dawa zibaki mkobani. Masanduku huchelewa siku kadhaa.