Walinikatia besi: uzoefu wangu na simfoni ya Górecki ufukweni Mwanza

Jumamosi moja ya hivi karibuni nililipa kiingilio cha shilingi 10,000 katika ukumbi mmoja wa kando ya ziwa, kwa kuwa ilitangazwa kwamba Simfoni ya Tatu (utunzi mrefu wa okestra) ya mtunzi Henryk Górecki wa Poland ingesikilizwa yote, kutoka kwenye rekodi, kwa spika kubwa. Mimi huimba sauti ya nne, yaani besi, kwayani, na kusema kweli nilifuata besi tu. Sehemu ya kwanza, inayochukua zaidi ya dakika 25, huanza na besi kubwa za nyuzi peke yake, kwa sauti ndogo mno, mithili ya injini ya kivuko cha Kamanga kikiwa bado mbali. Kisha nyuzi nyingine huupokea wimbo uleule kwa zamu, kila kundi likianzia juu ya lililotangulia, mpaka ukumbi ujae kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Sisi hatukujaziwa kitu. Hata dakika tatu hazijatimia, kijana wa mitambo aligonga spika kwa kiganja, akainama kuisikiliza, akapeleka mbele, na sauti ya mwanamke ikatulipukia masikioni kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Nilimwendea, nikamwambia kwa upole, "Kijana wangu, umeruka." Alinijibu bila kunitazama, akichoma chipsi kwa kijiti, "Mzee, pale hakukuwa na kitu. Watu wamelipa wasikie."

Na mimi nililipa nini, kutazama pazia? Nilirudi kitini nikiwa nimekwisha kuamua kudai fedha yangu na kumkataza kila mwanakwaya asikanyage pale.

Kisha ikaja sehemu ya pili, yenye maneno ambayo msichana wa miaka 18 aliyaandika mwaka 1944 ukutani mwa selo ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, huko Zakopane, Poland, akimsihi mama yake asilie. Na baada yake ya tatu, ambamo mama anamtafuta mwanawe aliyeuawa na hajui amelala wapi. Katika mji huu, ambako wapo waliosimama ufukweni mwaka 1996 wakiisubiri miili ya ndugu zao kutoka meli ya MV Bukoba iliyozama, wimbo huo hauhitaji mkalimani. Mama mmoja mbele yangu alivua miwani na hakuivaa tena mpaka mwisho.

Fedha sikuidai. Pengine ni udhaifu wangu, kwa maana spika zenyewe, lazima nikiri, zilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kusikia hapa Mwanza, na jambo hilo ndilo linalozidi kunichoma, kwa sababu zingeweza kabisa kuzibeba zile besi. Mwenye ukumbi ameahidi kuipiga tena, safari hii bila kuruka sehemu. Nitakwenda, ila kiti changu kitakuwa kando ya meza ya yule kijana, na chipsi nitamnunulia mwenyewe ili mikono yake iwe na kazi.